Fremu za Zamani za Kiingereza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuzitambua na Kupima Uhalisi Wake

Maswali haya yanatoka kwa watu wa aina mbili: waliorithi baiskeli nyeusi ya chuma kutoka kwa mzee, na wanaotaka kununua fremu nyepesi ya fundi mwenye jina huko Uingereza. Wote wanataka kujua kitu kimoja, yaani kama hiki kilichoandikwa ubavuni ni cha kweli. Majibu yameanza na mambo ya msingi, na kesi ngumu ziko mwishoni.

## Mambo ya kuanzia

Fremu "ya Kiingereza" ni ipi hasa?

Kuna ukoo mbili, na usipozitenganisha utachanganyikiwa mapema. Ya kwanza ni baiskeli za viwanda vikubwa: Raleigh ya Nottingham, Hercules na BSA za Birmingham, Phillips ya Smethwick, Triumph ya Coventry, Royal Enfield ya Redditch. Hizi zilitoka kwa maelfu na kusafirishwa dunia nzima, Afrika Mashariki ikiwemo.

Ya pili ni fremu nyepesi za karakana ndogo, zilizojengwa kwa mkono kwa ajili ya mashindano na safari ndefu. Huko utakutana na Hetchins wa Tottenham, Claud Butler wa London, Mercian wa Derby, Bob Jackson wa Leeds na Jack Taylor na ndugu zake wa Stockton-on-Tees. Ya kiwandani hutambulika kwa alama zinazojirudia kila baiskeli. Ya karakana hutambulika kwa mkono wa aliyeijenga.

Neno "halisi" lina maana gani hapa?

Lina maana tatu, na muuzaji mjanja huzichanganya. Je, fremu imejengwa na yule ambaye jina lake limeandikwa? Je, bado ina rangi na stika ilizotoka nazo? Je, vipuri vilivyofungwa ni vya wakati wake? Fremu inaweza kuwa ya Hetchins kweli, ikawa imepakwa rangi upya mwaka 1985 na kufungwa pedeli za juzi. Hiyo si bandia. Ila ukiuziwa kwa bei ya fremu yenye rangi ya asili, umeibiwa. Kwa hiyo kabla ya kumwuliza mtu "ni orijino?", amua kwanza unauliza lipi kati ya hayo matatu.

Nikiishika mkononi, nianzie wapi?

Igeuze juu chini. Anza na lile bomba fupi la chini ambamo ekseli ya pedeli inazunguka (humu tutaliita bomba la pedeli), soma namba, angalia hesi zake (mikato ya skrubu iliyo ndani), kisha pima tundu la nguzo ya siti. Baada ya hapo tazama viungo, halafu masikio ya gurudumu la nyuma, yaani vile vipande bapa vyenye mkato ambamo ekseli ya gurudumu hukaa. Rangi na stika viwe vya mwisho kabisa. Watu wengi huanza na stika kwa sababu ndiyo inayovutia jicho, na hapo ndipo wanaponaswa: stika mpya ya jina lolote kubwa inanunuliwa leo na kubandikwa jioni. Unene wa bomba hauna duka.

Nahitaji vifaa gani?

Vania kalipa, kurunzi, kipande cha chaki, kipimo cha hesi na uzi wa mita tatu hivi.

## Namba

Namba ya fremu hukaa wapi?

Karakana nyingi ziliigonga chini ya bomba la pedeli. Raleigh za zamani za Nottingham mara nyingi zinayo kwenye kiungo cha siti, pale bomba la juu linapokutana na bomba la siti. Watengenezaji wengine waliigonga kwenye sikio la gurudumu la nyuma. Sehemu zote tatu zisafishwe kabla hujasema haina namba.

Kama rangi imeijaza, usikimbilie msasa wa mashine wala brashi ya waya. Namba nyingi ziligongwa kwa kina kidogo, na ukisugua dakika moja unafuta ushahidi wa miaka sabini. Tumia dawa ya kuondoa rangi na mti wa meno. Paka chaki, futa juu juu, kisha mulika kurunzi kutoka pembeni, mwanga ukilala juu ya chuma. Tarakimu zitajitokeza kwa vivuli vyake.

Je, namba itaniambia mwaka?

Mara nyingine. Raleigh za kuanzia miaka ya 1970 zina mfumo unaosomeka: herufi ya kwanza ni kiwanda (N ni Nottingham, W ni Worksop), ya pili ni mwezi, na tarakimu inayofuata ni mwisho wa mwaka. Za kabla ya hapo zimevurugika, na huwezi kukata shauri kwa namba peke yake.

Karakana kila moja ilikuwa na utaratibu wake. Daftari za baadhi zimesalimika, za wengine zimepotea. Chama cha Uingereza kiitwacho Veteran-Cycle Club, kilichoanzishwa mwaka 1955, kina wanachama wanaofuatilia majina mbalimbali ya watengenezaji, na hao ndio wa kuwauliza. Kumbukumbu za Raleigh zipo kwenye hifadhi ya nyaraka ya mkoa wa Nottinghamshire.

Namba iliyogongwa upya hujulikanaje?

Angalia chuma kinachoizunguka. Kilichosagwa na tupa huwa bapa kuliko jirani yake, na mara nyingi kimezama kidogo. Fundi wa karakana aligonga tarakimu moja moja kwa nyundo, hivyo moja huwa imeinama, nyingine imezama zaidi. Mstari ulionyooka mno kwenye fremu ya fundi mdogo unastahili kuulizwa maswali. Na kama namba imefutwa kabisa kwa tupa, achana nayo hata kama bei ni tamu, maana fremu ya namna hiyo huenda iliibwa.

Nimesikia foku nayo ina namba. Ni kweli?

Kwa karakana nyingi za Kiingereza, ndiyo. Chomoa foku na tazama shingo yake, lile bomba linaloingia ndani ya fremu. Ukikuta namba ileile iliyo chini ya bomba la pedeli, furahi. Ni miongoni mwa ushahidi mzuri kuliko wote, kwa sababu umekaa gizani tangu siku ya kwanza na hakuna aliyehangaika kuughushi. Namba zikitofautiana, soma swali la foku kwenye kesi ngumu.

## Chuma chenyewe

Ina stika ya Reynolds 531. Si inatosha?

Haitoshi hata kidogo, na swali hili ndilo linalowagharimu watu fedha nyingi kuliko mengine yote.

Reynolds ni kampuni ya mabomba ya Birmingham. Hataza yake ya bomba lenye kuta nene mwishoni na nyembamba katikati ni ya mwaka 1897. Chuma cha 531, chenye manganizi na molibdeni, kilitoka mwaka 1935. Hapo una kipimo cha kwanza: fremu inayodaiwa ni ya 1930 haiwezi kuwa ya 531, hata stika iwe nzuri namna gani. Kabla yake Reynolds waliuza bomba la HM.

Kipimo cha pili ni maneno ya stika yenyewe. Zipo zinazosema mabomba yote, foku na miguu ya nyuma (yale mabomba membamba yanayoshika gurudumu la nyuma) ni 531. Zipo zinazosema ni mabomba makuu matatu tu. Tofauti hiyo ni kubwa, na anayebandika stika mpya huchagua ile ya kwanza. Tena zile za 531c na 531ST ni za miaka ya 1980. Ukizikuta kwenye fremu ya 1960, rangi imerudiwa na aliyeirudia hakujua anachofanya.

Chuma cha 753 kilikuja katikati ya miaka ya 1970, na Reynolds hawakukiuza kwa kila mtu: fundi alilazimika kwanza kupeleka kazi yake ipimwe. Kwa hiyo ukikuta stika ya 753, uliza pia kama fundi huyo alikuwa na ruhusa.

Basi nitajuaje kama ni 531 bila stika?

Pima nguzo ya siti. Bomba la siti la fremu nyepesi ya Kiingereza lina kipenyo cha nje cha milimita 28.6. Likiwa la 531 lenye kuta za unene tofauti, nguzo inayoingia sawasawa ni ya milimita 27.2. Bomba la 531 lisilopunguzwa unene katikati huchukua 26.8 au karibu na hapo. Raleigh Sports ya kawaida huchukua 25.4, kwa kuwa kuta zake ni nene. Fremu yenye stika ya 531 kamili lakini nguzo ya 25.4 inajikana yenyewe.

Tahadhari ni moja: usipime nguzo uliyoikuta, pima tundu. Wenye baiskeli huchomeka nguzo nyembamba na kuikaza na kipande cha kopo, na wengine hupanua tundu kwa nguvu. Pima mbele-nyuma, kisha kushoto-kulia, chini kidogo ya mdomo. Vipimo viwili visipolingana, tundu limevutwa na hupaswi kuliamini. Uzito nao unasaidia: fremu ya 531 ya kimo cha kati, bila foku, ni kilo 2 hivi, na ya chuma cha kawaida huelekea 3.

Lagi zinaniambia nini?

Lagi ni vile vipande vya chuma vinavyoshika mabomba yanapokutana, na hapo ndipo mkono wa fundi unaposomeka vizuri kuliko popote. Mafundi wengi walinunua lagi zilezile, kama Nervex za Ufaransa zenye kona za mapambo, kwa hiyo lagi peke yake haitaji jina la mtu. Kinachotaja ni namna alivyoimalizia. Pitisha ukucha kwenye ukingo. Kazi nzuri ina ukingo mwembamba, umepigwa tupa hadi karibu ulale juu ya bomba, na mstari wa shaba unaonekana sawia bila matone. Linganisha pembe ya kushoto na ya kulia ya kiungo kimoja. Kisha tafuta picha za fremu nyingine za fundi huyohuyo za mwaka unaokaribiana, ulinganishe vichwa vya miguu ya nyuma pale vinaposhika kiungo cha siti. Kila karakana ilikuwa na namna yake ya kuvimalizia pale, na anayeghushi hupasahau.

Masikio na vishikizo vinaonyesha umri?

Ndiyo. Vishikizo vya chupa vilivyolehemiwa kwenye bomba ni kawaida kuanzia miaka ya 1970; kabla ya hapo chupa ilifungwa kwa bangili. Kishikizo cha taa kwenye mguu wa kulia wa foku ni cha Kiingereza hasa. Fremu ya kabla ya vita yenye masikio ya Campagnolo na kishikio cha kubebea kibadilisha gia ama imebadilishwa masikio, ama si ya kabla ya vita. Lakini kubadilisha masikio ilikuwa kazi ya kawaida ya karakana, hivyo usiite bandia kabla ya kuangalia mengine.

Upana kati ya masikio ya nyuma ni dalili dhaifu: milimita 120 kwa gia tano, 126 kwa sita na saba. Mtu yeyote huweza kuyatanua kwa mikono.

Na hesi?

Bomba la pedeli la Kiingereza lina hesi 24 kwa inchi, kipenyo cha inchi 1.37, upana wa milimita 68, na kikombe cha kulia hufunguka kinyume. Raleigh za Nottingham zilitumia hesi zao wenyewe, 26 kwa inchi, na bomba pana zaidi. Hiki ni kipimo kizuri mno, maana hakuna anayehangaika kukighushi.

Ukikuta hesi za Kiitaliano, milimita 36, usishtuke mara moja. Hesi za Kiingereza zikiharibika, fundi hupanua na kukata za Kiitaliano kama dawa ya mwisho.

## Raleigh na jamaa zake

Mzee aliniachia Raleigh nyeusi yenye breki za vyuma. Ni ya Nottingham kweli?

Tazama kwanza taji la foku, pale miguu yake miwili inapoungana. Raleigh ya Nottingham ina kikofia cha duara juu ya kila mguu wa foku, mara nyingi kimechovywa kromu. Kisha gia kubwa ya mbele: ndani yake wamekata vichwa vya ndege, nguli, ambaye ndiye aliye kwenye beji ya mbele. Halafu hesi za 26 kama ilivyoelezwa hapo juu. Vyote vitatu vikikubaliana, na beji ikitaja Nottingham, una sababu nzuri ya kuamini.

Lakini soma swali linalofuata kabla hujamaliza.

Je, haziwezi kuwa za India?

Zinaweza kabisa. Raleigh ilishirikiana na kampuni ya Sen kujenga kiwanda cha Sen-Raleigh huko Asansol, na humo zilitoka pia Humber na Rudge. Mwaka 1949 ilianzishwa TI Cycles of India huko Madras, ambayo leo ni Chennai, ikatengeneza Hercules, kisha Phillips na BSA. Zote zilikuwa na haki ya kutumia majina hayo. Kuiita baiskeli ya Asansol "feki" ni kuikosea heshima: ni Raleigh kwa mkataba, tena imebeba magunia ya watu kwa miongo. Ila si ya Nottingham, na bei isiwe ya Nottingham. Tafuta neno "India" kwenye vipuri vidogo ambavyo hakuna aliyevibadilisha: habu, kengele, vikombe, chini ya siti.

Phoenix na Flying Pigeon je?

Hizo ni za China, za Shanghai na Tianjin. Umbo lao limetokana na baiskeli za Kiingereza, kwa hiyo kwa mbali zinafanana. Zikiwa na beji zao wenyewe hakuna udanganyifu. Tatizo ni pale mtu anapong'oa beji na kugongea ya Raleigh: angalia matundu ya skrubu kwenye bomba la mbele (lile fupi linaloshika shingo ya foku) kama yanalingana na beji, na kama kuna mengine yamezibwa.

Nina Humber au Rudge. Kwa nini vipuri vya Raleigh vinaingia?

Kwa sababu Raleigh ilizinunua: Humber mwaka 1932, Rudge mwaka 1943, na baadaye baiskeli za BSA mwaka 1957. Mwaka 1960 ikaungana na kundi la TI (Tube Investments) lenye Phillips na Hercules. Humber za Nottingham ziliendelea na foku yake maarufu yenye mabomba mawili kila upande, na Rudge ikabaki na mkono uliokatwa kwenye gia ya mbele. Kwa hiyo Humber yenye hesi za 26 ni Humber halali, ila ni ya baada ya kununuliwa.

Habu ya gia ya Sturmey-Archer ina tarehe. Naweza kuitegemea?

Kwa habu yenyewe, ndiyo. Kwenye AW, habu yao ya gia tatu, ya miaka ya 1950 na kuendelea utaona tarakimu mbili za mwaka na namba ya mwezi. AW yenyewe ilianza 1936. Lakini gurudumu hubadilishwa, kwa hiyo habu hutoa makadirio tu. Ikilingana na namba na umbo la fremu, inaongeza uzito.

## Rangi na stika

Nitajuaje kama rangi ni ya kwanza?

Chungulia pale ambapo mpulizaji hafiki vizuri: ndani ya bomba la pedeli, chini ya beji, nyuma ya taji la foku, ndani ya mdomo wa bomba la siti. Rangi ya pili hukaa juu ya ya kwanza, na kwenye mkwaruzo utaona ngazi. Kwenye Raleigh za zamani michirizi ya dhahabu ilichorwa kwa mkono. Ifuate kwa jicho uone unene wake ukibadilika kidogo kidogo. Rangi ya unga huzijaza kona za lagi hadi zinapoteza makali.

Je, niipake upya?

Kama kuna nusu ya rangi ya asili, usiipake. Safisha, paka nta, zuia kutu. Rangi ikishaondoka hairudi, na pamoja nayo huondoka ushahidi wote wa swali lililotangulia.

## Kesi ngumu

Claud Butler yangu ni ya 1972. Ni ya Claud Butler mwenyewe?

Hapana. Kampuni yake ilianguka, na mwishoni mwa miaka ya 1950 jina likachukuliwa na Holdsworth. Fremu ya 1972 ni Claud Butler kwa jina halali, imejengwa na watu wengine. Majina ya Kiingereza yameuzwa hivyo mara nyingi: Carlton ya Worksop iliingia Raleigh mwaka 1960, na Hetchins za miaka ya mwisho zilijengwa Leeds kwa Bob Jackson. Uliza mwaka kwanza, jina baadaye.

Haina lagi kabisa. Ni ya bei rahisi?

Si lazima. Jack Taylor na Claud Butler walijenga fremu nzuri sana zilizolehemiwa kwa shaba na kulainishwa kwa tupa hadi kiungo kikawa kama kimemiminwa. Kinachotofautisha ni ulaini huo. Mshono wenye magamba ya mashine ya kuchomelea ni kitu kingine.

Miguu ya nyuma imepinda kama nyoka. Lazima ni Hetchins?

Miguu iliyopinda ni alama ya Hetchins tangu miaka ya 1930, lakini wapo wengine waliopinda, na Hetchins naye aliuza fremu zenye miguu iliyonyooka. Thibitisha kwa namba, kwa lagi zilizokatwa kwa mapambo, na kwa foku.

Nauziwa Raleigh ya timu, nyekundu, nyeusi na njano. Ni ya mashindano kweli?

Fremu za timu zilijengwa kwenye karakana maalumu ya Ilkeston, iliyofunguliwa mwaka 1974 chini ya Gerald O'Donovan, na namba zake huanza na SB. Raleigh hiyohiyo iliuza madukani nakala zenye rangi zilezile kutoka viwanda vyake vingine. Joop Zoetemelk aliposhinda Tour de France mwaka 1980 akiwa na timu hiyo, kila kijana alitaka moja. Namba ikianza na W, ni ya Worksop: baiskeli safi, lakini si ya Ilkeston. Na kama inadaiwa ni 753, nguzo ya siti itegemewe kuwa 27.4.

Namba ya foku haifanani na ya fremu. Nifanyeje?

Kwanza pitia uzi. Ufunge kwenye sikio moja la nyuma, uzungushe bomba la mbele, urudishe kwenye sikio la pili, kisha pima umbali wa uzi hadi bomba la siti kila upande. Usipolingana, fremu imepinda. Papasa pia upande wa chini wa bomba la juu na wa bomba la mshazari, nyuma tu ya lagi za bomba la mbele. Mkunjo hapo unaonyesha baiskeli iligonga kitu na foku ya kwanza ikafa. Foku ya kubadilisha inashusha bei. Haiifanyi fremu kuwa bandia.

Nanunua kwa picha tu. Niombe zipi?

Chini ya bomba la pedeli, shingo ya foku ikiwa nje, kiungo cha siti kwa nyuma, masikio yote mawili, na vania ikiwa ndani ya tundu la siti huku namba ikisomeka. Muuzaji anayetuma picha kumi za stika na kukataa kuchomoa foku amekwisha kukujibu.

Haina jina, beji wala stika. Nimefika mwisho?

Hujafika. Fremu nyingi za karakana zilipakwa rangi na duka jingine ambalo liliweka jina lake au halikuweka lolote. Andika vipimo vyote: nguzo, hesi, upana wa masikio, aina ya lagi, mahali na mpangilio wa namba. Piga picha vichwa vya miguu ya nyuma kwa karibu, kisha wapelekee wanachama wa Veteran-Cycle Club. Wakikosa jina, uza au tunza kama fremu ya Kiingereza ya fundi asiyejulikana, na usibandike jina ulilolitamani.